Mfuko wa CAN wa Urambo na hamira ya Brussels

Msimu ukikaribia Tabora maneno ni yaleyale, mbolea imefika au haijafika, bei imepanda au imeshuka, nani jina lake limetoka kwenye ruzuku na nani bado anazungushwa. Kaa kijiweni Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui, kuanzia Oktoba mpaka mvua ikolee utasikia hayohayo. Mi sina ugomvi nayo, bei inauma kweli na wote tunakumbuka 2022 vita ya Ukraine ilivyoipandisha mpaka Agosti mwaka ule serikali ikaingiza ruzuku na urea ikauzwa elfu 70 badala ya laki na kitu. Ninachogombana nacho ni kwamba mjadala wetu unaishia dukani. Mfuko ukishafungwa kwenye bodaboda tunaona kazi imekwisha, hakuna anayeuliza kilichomo ndani kimeingia kwenye mmea kiasi gani.

Hebu tupige hesabu basi. Kwenye mfuko wa CAN, hii mbolea ya kukuzia, kinachokupeleka dukani ni naitrojeni, nayo ni asilimia 27, kwahiyo kilo 50 zina kilo 13 na nusu tu za kile unachokitafuta. Urea ni asilimia 46, mfuko mmoja una kilo 23. Sasa mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, William Raun na Gordon Johnson, walikusanya takwimu za nafaka dunia nzima wakakuta naitrojeni ya mbolea inayoishia kwenye punje ni kama asilimia 33. Theluthi! Nyingine inabaki kwenye mabua na udongo, nyingine inaruka hewani, nyingine inazama na maji, lakini punje ndio tunazokula na kuuza. Yaani lipia mifuko mitatu, mmoja ndio unaouona kwenye gunia. Na hiyo ni wastani wa dunia pamoja na wenye mashine zao za kupima kila kitu, hatujaongelea udongo wa kichanga wa huku kwetu ambao wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi wamekuwa wakisema miaka nenda rudi kwamba naitrojeni yake ni kidogo na fosforasi nayo hivyohivyo.

Inavyopotea tunaiona kwa macho sema hatuipi jina. Mtu anaweka mbolea ya kupandia, alafu mahindi yakifika magotini anapita na ndoo na kisoda, kila shina kisoda kimoja, anafukia au hafukii kutegemea jua limefika wapi na watoto wangapi wamekuja kusaidia. Kama ni urea na imebaki juu, udongo wenyewe una kimeng'enya kinachoigeuza kuwa amonia na sehemu yake inaondoka kama gesi, ile harufu inayokuchoma puani ndiyo hela yako inapaa. Ikishageuzwa na bakteria ikawa naitreti nayo ina shida yake, udongo una chaji hasi na naitreti nayo hasi, hakuna wa kuishika, ikipiga mvua ya usiku kucha kwenye kichanga inateremka chini mpaka mzizi unaiacha hukohuko. Asubuhi unakuta mahindi yamependeza kwa maji, wiki mbili baadae majani ya chini yanaanza njano kutoka nchani inapita katikati ya jani kama herufi V iliyolala, mmea umeanza kubomoa majani ya zamani kuyahamishia naitrojeni majani mapya. Njaa hiyo.

Hapa naomba twende Ubelgiji kidogo, na najua kuna mtu keshasema Ubelgiji na Sikonge wapi na wapi.

Pale Brussels, kwenye chuo cha Université libre de Bruxelles, kulikuwa na mama mmoja mtafiti anaitwa Marcelle Grenson ambaye miaka mingi ya kazi yake aliitumia kuuliza swali ambalo ukilisema kijijini watu watakucheka, kwamba hamira inapitisha vipi chakula chake cha naitrojeni kutoka nje kuingia ndani. Hamira hii hii ya maandazi. Seli imezungukwa na ngozi ya mafuta, amonia yenye chaji haipiti hovyo, lazima kuwe na mlango, sasa mlango uko wapi na unafunguliwa na nani? Njia aliyotumia yeye na mwenzake Dubois, kazi waliyoichapisha 1979, ni ya kijanja sana. Kuna kitu kinaitwa methilamini, kinafanana na amonia kiasi kwamba mlango hauvitofautishi, ila ndani ya seli hakiliki na kikizidi kinaiumiza hamira. Kwahiyo unaitega. Hamira nzima inakipokea inadhoofika, ile inayoendelea kukua ni ile ambayo mlango wake umeharibika hata methilamini ikashindwa kuingia. Ukiikusanya hiyo unakuwa na hamira yenye upungufu unaoujua, ukiipa amonia kidogo kama chakula pekee cha naitrojeni inashindwa kukua. Na kwenye kazi hiyo wakagundua kwamba milango ni zaidi ya mmoja, kuna wa wakati wa dhiki unaonasa amonia hata ikiwa chembe chache, na kuna wa wakati wa neema.

Hamira ile mbovu ndiyo iliyoleta mambo miaka 15 baadae. Mwaka 1994 Anna Maria Marini na Bruno André wa hukohuko Brussels walipata jeni ya mlango wa hamira wakaiita MEP1, na mwaka huohuo, kwenye jarida lilelile, kundi la Wolf Frommer lililokuwa Berlin likatoa la kwake. Walichukua jeni za mmea mdogo wa maabara unaoitwa Arabidopsis wakaziingiza moja moja kwenye hamira ile isiyoweza kula amonia, alafu wakasubiri ipi itakua. Iliyokua ilikuwa imepewa mlango wa mmea! Ndio jeni ya AMT1 ilivyopatikana, mlango wa kwanza wa amonia kujulikana kwenye mimea. Fikiria hapo, ukoo wa mimea na ukoo wa hamira waliachana zaidi ya miaka bilioni iliyopita na bado kitasa cha huyu kinafanya kazi kwenye nyumba ya yule.

Na wala haikuishia kwenye mimea. Mwaka 2000 Marini na wenzake waliweka kwenye hamira ya aina hiyo protini za binadamu za ukoo wa Rhesus, ndugu za ile Rh ambayo mama mjamzito akipimwa kliniki anaandikiwa chanya au hasi, na hamira ikapitisha amonia. Miaka yote hospitali zilikuwa zinapima Rh kwa ajili ya usalama wa mtoto bila kujua ukoo ule wa protini unafanya kazi gani mwilini, jibu likatoka kwenye hamira. Ndio maana mtu akiniambia utafiti wa namna hii ni wa wazungu wenye muda wa kuchezea namjibu kwa heshima kabisa kwamba mkuu, ungekuwa kwenye kamati ya bajeti ya Brussels 1979 ungefyeka hiyo hela, na ungekuwa umefyeka vitu vitatu kwa panga moja.

Tukirudi shambani, kitu kikubwa kwangu kipo kwenye kazi ya 2007 ya Dominique Loqué, Frommer na wenzao. Ule mlango wa mmea unakaa kwa watatu watatu, protini tatu zimeshikana, na mkia wa mmoja unamgusa jirani yake. Mkia ukibandikwa fosfeti kidogo sehemu fulani, milango yote mitatu inafunga kwa pamoja. Kazi zilizofuata zikaonyesha kwamba amonia yenyewe ikizidi nje ya mzizi ndiyo inayochochea kubandikwa huko. Maana yake mmea haulali mdomo wazi kama sisi tunavyodhani, ukimwagiwa nyingi kwa mkupuo unafunga, kwa sababu amonia nyingi ndani ya seli ni sumu. Kwa upande wa naitreti, Yi-Fang Tsay wa Taiwani ambaye 1993 alikuwa kwenye timu iliyopata mlango wake, miaka kumi baadae yeye na mwenzake wakaonyesha mlango ule una gia mbili, naitreti ikiwa kidogo unabadilika unakuwa mkali wa kunasa, ikiwa nyingi unalegea. Hamira nayo hivyohivyo, ipe amonia ya kutosha uone inavyozing'oa protini zake za kupokea amino asidi (yale matofali ya kujengea protini) kutoka kwenye ngozi ya seli inazipeleka ndani kuzisaga, hilo nalo linatoka kwenye kazi ya Grenson na warithi wake.

Kwahiyo mkulima anayeweka mbolea yote ya kukuzia siku moja kwa sababu vibarua wapo siku hiyo, mzizi unachukua unachoweza, unafunga, na kinachobaki kinasubiri mvua ya kwanza kiondoke. Najua bwana shamba ameshasema gawa mara mbili, alisema kabla hata hao wa Berlin hawajazaliwa, siwezi kumpa Mbelgiji sifa za bwana shamba wa Uyui. Ila tofauti ya kuambiwa "gawa" na kujua kwa nini ni kubwa, ukiambiwa tu utafuata tarehe ya kwenye kipeperushi, ukijua kwa nini utaangalia mawingu, utaangalia udongo wako una mchanga kiasi gani, utaangalia mahindi yenyewe yana njaa au yameshiba.

Na mkulima wa tumbaku ya mvuke huyu simfundishi kitu, huyu ni profesa wa naitrojeni tayari. Anajua jani likilishwa naitrojeni mwishoni linagoma kuiva, linabaki kijani nene, linaingia kwenye bani, lile banda la kukaushia, likiwa kijani na linatoka na rangi ya ajabu, mteuzi anashusha gredi. Anataka mmea ushibe mwanzoni alafu ufe njaa kwa mpangilio, jani la chini linaanza kubomoa protini zake, njano inatoka, anachuma kutoka chini kwenda juu. Nikotini yenyewe imebeba naitrojeni, kila molekuli ina atomu mbili, inatengenezwa mizizini inapandishwa majanini, na ukikata ua inazidi. Mtu huyohuyo anayeisoma njaa ya mmea kwenye tumbaku ukimkuta kwenye mahindi anamwaga kwa kubahatisha. Kwa nini? Kwa sababu kwenye tumbaku kuna gredi, kosa lake linaandikwa bei mbele ya watu, kwenye mahindi hakuna anayemuonyesha kosa.

Nigusie na hili la mbolea ya tumbaku kuhamia kwenye mahindi, kila mtu anajua lipo. NPK ya tumbaku ni 10:18:24, mfuko wa kilo 50 una kilo 5 tu za naitrojeni. Ili upate naitrojeni ya mfuko mmoja wa urea inabidi uweke karibu mifuko mitano ya hiyo, na ile 24 ya mwisho ni potasiamu ambayo tumbaku inaililia kwa ajili ya ubora wa jani. Simlaumu mtu mwenye njaa nyumbani, anatumia kilichopo stoo, lakini asiseme mbolea haifai wakati kampa mahindi chakula cha mwingine, na deni la mifuko hiyo bado linamsubiri kwenye mauzo.

Alafu kuna naitrojeni ya bure na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kunde, karanga, njugu mawe, choroko. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walishaonyesha miaka ya 1880 kwamba jamii hii inapata naitrojeni ya hewani kupitia vinundu vya mizizini, mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akamtenga bakteria mwenyewe. Hii huhitaji maabara. Kunde zikianza maua chimba shina moja kwa jembe, usilivute maana vinundu vitakatikia chini, kung'uta udongo taratibu utaona vitu vidogo vya mviringo vimeshikilia mizizi, pasua kimoja kwa kucha. Kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi, ule wekundu ni ndugu wa damu yako kabisa, protini ya kushika oksijeni. Kikiwa cheupe au kijani kilichofifia, kimelala au kimeshakufa.

Kunde zina kitu kingine cha kuvutia, naitrojeni ile wanayoipata mizizini wanaipandisha juu kwa sehemu kubwa kama kemikali inayoitwa alantoini. Na nani mwingine anakula alantoini? Hamira! Terrance Cooper wa Memphis kule Marekani alitumia miongo kadhaa kuchunguza hamira inavyoivunja alantoini, na alichokiona yeye na wenzake ni kwamba hamira ikiwa na chakula kizuri kama glutamini inazima jeni za alantoini zote, haina haja ya kuhangaika na mlo wa shida. Mimea ya jamii ya kunde kwa njia yake yenyewe inafanya mambo yanayoshabihiana, naitreti ikiwa nyingi kwenye udongo inapunguza vinundu, kwa sababu kumlisha bakteria kunaigharimu sukari nyingi na chakula kipo hapo bure. Kwahiyo ukipita na CAN kwenye karanga zako kwa nia njema kabisa umelipia vinundu visifanye kazi. Hela imekutoka mara mbili. (Na kabla mtu hajaniuliza, miyombo yetu nayo ni jamii ya maharage ila haina vinundu, inaishi kwa kushirikiana na kuvu wa udongoni, ndio wale uyoga tunaouokota mvua zikianza. Ukifyeka miyombo kwa ajili ya kuni za bani umeondoa na uyoga, sijui kama kuna anayeuweka kwenye hesabu ya gharama za tumbaku.)

Wapenda wanzuki nao wasidhani hawahusiki. Asali ni sukari tupu karibu yote, naitrojeni yake kwa kawaida haifiki hata asilimia 0.1, hamira ikiingia mle inakuta sukari ya kuchoma ipo tele na vifaa vya kujengea mwili hakuna, pombe inachelewa kuchachuka na wakati mwingine inatoa harufu ya yai viza. Anayepika kwa kutupia masega yenye chavua na majana ya nyuki anaiongezea naitrojeni, chavua ina protini nyingi tu. Wapishi wa pombe za asali wa Ulaya wanaongeza DAP, kikemikali ndio hiyohiyo mbolea ya kupandia, ila ya daraja la chakula, tafadhali mtu asije akachota ya shambani akasema kasoma kwangu. Hata ladha ni habari ya naitrojeni, Felix Ehrlich wa Ujerumani alionyesha 1907 kwamba zile alkoholi nzito zinazokwaruza koo zinatoka hamira inapozinyofoa naitrojeni amino asidi na kuacha mabaki.

Sasa tufanyeje. Maabara za Berlin hatuna na hatuzihitaji kwa hili. Pale Rothamsted Uingereza, kituo cha siku nyingi cha utafiti wa kilimo, kuna shamba la ngano linaitwa Broadbalk, na ndani yake kuna kipande hakijawekewa mbolea yoyote tangu 1843. Mpaka leo. Kipande kile kinachoonekana cha kimaskini ndio kinawaambia vipande vingine vimenufaika na mbolea kiasi gani, bila hicho wangekuwa wanabishana kama sisi kijiweni.

Nachotaka kila mkulima wa mahindi Tabora afanye ni hicho, mistari miwili tu asiweke ya kukuzia, aivune peke yake aipime kwa mzani, alafu avune mistari miwili ya jirani yenye mbolea apime. Gunia la kilo 100 za mahindi linabeba naitrojeni kama kilo moja na nusu. Mfuko wa urea una kilo 23, ukifika ile theluthi ya dunia ni kilo 7 na ushee kwenye punje, ambayo ni gunia kama tano za ziada kwa kila mfuko. Tofauti ya mistari yako ukiipigia hesabu ya mfuko mzima ukapata tano au zaidi uko vizuri. Ukipata mbili, mfuko wako umeenda na maji na bei ya dukani sio tatizo lako la kwanza. Nilipolisema hili mzee mmoja wa Kaliua alinijibu "mwanangu, nani ataacha mistari miwili ife njaa makusudi?" na ana haki, mistari miwili ni debe la unga. Basi mzee wangu acha hatua kumi za mstari mmoja, pigia kigingi kila upande, na waambie watoto wasipitishe kisoda hapo.